Mwongozo wa wodi: kuzuia damu kuganda kwa waliolazwa na nimonia ya virusi. Dozi ipi, kwa nani, mpaka lini?

Tabibu_W4

Habari za kazi wakuu. Naandaa ukurasa mmoja wa kubandika wodini, hospitali ya wilaya, kuhusu kuzuia mabonge ya damu kwa watu wazima wanaolazwa na nimonia ya virusi (UVIKO-19, influenza, na RSV, kirusi kingine cha njia ya hewa, kwa wazee). Naomba msaada kwenye haya:

1. Nani aanzishiwe heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda)? Nimeona chati ambazo dozi inapandishwa kwa kufuata D-dima (kipimo cha mabaki ya mabonge kwenye damu) peke yake. Ikipanda, dozi inaongezwa mara mbili. Ikipanda tena, inaongezwa tena. Je, ni sahihi?
2. Dozi ya kinga (ndogo, ya kuzuia bonge) na dozi ya tiba (kubwa, ya kutibu bonge), mstari uko wapi?
3. Enoksaparini (jamii ya heparini, ya sirinji) ikiisha tunabaki na heparini ya kawaida ya vichupa, na hatuna pampu ya dripu.
4. CT hatuna. Mgonjwa aliyekuwa anaendelea vizuri akishuka oksijeni ghafla, tunathibitishaje bonge mapafuni?
5. Akiruhusiwa, aende nyumbani na dawa?

Vilivyopo: enoksaparini sirinji za 40 mg na 60 mg, heparini, warfarini, streptokinasi (ya kuyeyusha bonge), ultrasaundi, ECG, kreatinini na picha kamili ya damu. aPTT (kipimo cha muda wa damu kuganda) sampuli inapelekwa nje, jibu linarudi siku ya pili.

---

Bingwa_Ndani

Dokta, kwanza iondoe D-dima mlangoni. Anayeamua kuanza kinga ni mgonjwa aliyelala mbele yako. Chukua alama za Padua za kukadiria hatari ya bonge, ambazo hazihitaji kipimo chochote cha maabara: kulala kitandani siku 3 au zaidi, akiinuka kwenda msalani tu, ni alama 3, maambukizi makali 1, mapafu kushindwa kazi 1. Mgonjwa wa nimonia mwenye oksijeni puani tayari ana 5, na hatari inahesabiwa kuanzia 4. Umri wa miaka 70 au BMI (uwiano wa uzito na urefu) ya 30 unaongeza 1 kila kimoja. Saratani au bonge la zamani unaongeza 3. Kwa hiyo kila mtu mzima anayelazwa kwa nimonia ya virusi na anayehitaji oksijeni aanze dozi ya kinga siku ileile, isipokuwa awe na kizuizi.

Vizuizi viwe vichache na viandikwe kwa maneno ya wazi: anavuja damu sasa hivi (anatapika damu, ana choo cheusi), kiharusi cha kuvuja damu, chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia kuganda) chini ya 30,000, au mwili wake umewahi kuikataa heparini. Kukohoa makohozi yenye michirizi ya damu si kizuizi cha dozi ya kinga. Hili linawanyima kinga watu wengi bila sababu.

Kwa nini damu yao inaganda kirahisi hivi? Tangu enzi za Rudolf Virchow, katikati ya karne ya 19, tunataja mambo matatu: damu kutuama, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda. Nimonia ya virusi inaleta yote matatu kwa mpigo. Mgonjwa halali usingizi, hali wala hanywi vizuri, miguu haisogei. Utando wa ndani wa mishipa midogo ya mapafu umewaka. Ini nalo linamwaga fibrinojeni kwa wingi, na faktari VIII inapanda (zote ni protini za kugandisha damu). Uchunguzi wa maiti uliochapishwa 2020 ulilinganisha mapafu ya waliokufa kwa UVIKO-19 na ya waliokufa kwa influenza: mabonge madogo kwenye kapilari za vifuko vya hewa yalikuwa mara 9 zaidi kwa UVIKO-19. Lishike hilo, kwa sababu lina maana mbili wodini. Bonge linaweza kuzaliwa mapafuni penyewe bila kupitia mguuni, kwa hiyo ultrasaundi safi ya miguu haikupi uhakika. Na mgonjwa aliyefika ICU ana mapafu ambayo tayari yameharibika, heparini nyingi haiyarudishi.

Ushahidi wa dozi ndio huu. Majaribio matatu makubwa yaliunganishwa (ATTACC, ACTIV-4a na REMAP-CAP) na kuchapishwa Agosti 2021. Kwa wagonjwa 2,219 wa UVIKO-19 ambao hawajawa mahututi, dozi ya tiba ilifikisha 80.2% hadi kuruhusiwa bila kuhitaji mashine za kusaidia viungo, dhidi ya 76.4% kwa dozi ya kawaida. Kuvuja damu sana kulikuwa 1.9% dhidi ya 0.9%. Kwa mahututi 1,098, mambo yaligeuka: waliotoka hai walikuwa 62.7% kwa dozi ya tiba na 64.5% kwa dozi ya kawaida, na kuvuja damu kukapanda hadi 3.8% dhidi ya 2.3%. Dozi ya kati nayo haikusaidia: jaribio la INSPIRATION la Iran lililinganisha 1 mg kwa kilo kwa siku na 40 mg kwa wagonjwa wa ICU, na hakukuwa na tofauti.

Basi mstari wako uwe hivi:

Mgonjwa yeyote wa nimonia ya virusi, pamoja na aliye ICU: enoksaparini 40 mg chini ya ngozi mara moja kwa siku.

Dozi ya tiba (1 mg kwa kilo kila baada ya saa 12) bila bonge lililothibitishwa: ni kwa UVIKO-19 tu, anayetumia oksijeni ya mtiririko mdogo, D-dima juu ya kiwango cha maabara yenu, na hana hata kimoja kati ya hivi: chembe sahani chini ya 50,000, hemoglobini chini ya 8, dawa mbili za kuzuia chembe sahani kwa pamoja, kuvuja damu kulikompeleka hospitali ndani ya siku 30, au ugonjwa wa damu kutoganda. Isizidi siku 14, na ikome siku anayoruhusiwa. Akizidiwa na kuhamia kwenye CPAP (mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa), oksijeni ya mtiririko mkubwa au ventileta, rudisha dozi ya kinga. Hatua hii ndiyo inayosahaulika: anahamishwa wodi na dozi yake kubwa inahama naye.

Majaribio haya yalifanyika 2020 na 2021, wakati watu wengi hawakuwa na kinga yoyote. Leo faida ya dozi ya tiba inaweza kuwa ndogo zaidi, na hatari ya kuvuja damu haijapungua. Kwa hospitali isiyo na benki ya damu ya uhakika mimi ningeandika dozi ya kinga kwa wote na kuishia hapo. Kwa influenza na RSV usivuke dozi ya kinga, hakuna ushahidi wa namna hiyo.

Na kwa kuwa umetaja influenza: bonge lake mara nyingi liko moyoni. Utafiti wa Ontario, Kanada, wa 2018 ulionyesha kwamba ndani ya siku 7 baada ya influenza kuthibitishwa, mshtuko wa moyo hutokea takriban mara 6 zaidi. Mzee mwenye mafua makali akilalamika kifua, ECG ipigwe kabla ya kumwambia ni kikohozi.

---

Mfamasia_Pwani

Naongezea upande wa dawa, maana ukurasa ukisema "40 mg kwa wote" utaumiza wenye figo dhaifu.

Usisome kreatinini peke yake. Piga hesabu ya Cockcroft-Gault (kasi ya figo kusafisha damu, ml kwa dakika): (140 toa umri) × uzito × 1.23 kwa mwanaume au 1.04 kwa mwanamke, kisha gawanya kwa kreatinini ya mikromoli. Mama wa miaka 70, kilo 50, kreatinini 130: 70 × 50 × 1.04 ÷ 130 = 28. Kreatinini ya 130 inaonekana imepanda kidogo tu, kumbe mama huyu yuko chini ya 30. Kati ya 15 na 30 mpe enoksaparini 20 mg kwa siku kwa kinga, na kwa tiba 1 mg kwa kilo mara moja kwa siku badala ya mara mbili. Chini ya 15 acha enoksaparini, tumia heparini ya kawaida. Rudia kreatinini kila baada ya siku 2 au 3, kwa sababu figo za mgonjwa mwenye homa na upungufu wa maji hubadilika haraka. BMI ya 40 na zaidi, kinga ni 40 mg mara mbili kwa siku.

Enoksaparini ikiisha: heparini ya kawaida yuniti 5,000 chini ya ngozi kila baada ya saa 8 au 12. Hapa soma kichupa mara mbili. Kuna cha ml 5 chenye yuniti 5,000 kwa kila ml, yaani kichupa kizima ni yuniti 25,000, na kuna chenye yuniti 1,000 kwa ml. Vikikaa rafu moja, mgonjwa anaweza kupata mara 5 ya dozi au moja ya tano yake. Vitenganisheni, kimoja kibaki duka la dawa.

Kwa dozi ya tiba bila pampu na bila aPTT ya haraka, msihangaike na dripu. Heparini ya kawaida inaweza kutolewa chini ya ngozi kwa uzito: ya kwanza yuniti 333 kwa kilo, kisha 250 kwa kilo kila baada ya saa 12, bila kufuatilia aPTT. Mtu wa kilo 60 ataanza na yuniti 20,000 (ml 4 za kichupa cha 5,000 kwa ml), kisha 15,000 (ml 3). Ujazo huo ni mkubwa, ugawanye sehemu mbili za tumbo.

Mkilazimika kutumia dripu: yuniti 80 kwa kilo kwa mkupuo, kisha 18 kwa kilo kwa saa. Weka yuniti 25,000 kwenye ml 500 za maji ya chumvi 0.9%, kila ml inakuwa na yuniti 50. Kilo 60 × 18 = yuniti 1,080 kwa saa, sawa na ml 21.6. Kwa bureti ya matone madogo (matone 60 kwa ml) idadi ya matone kwa dakika ni sawa na ml kwa saa, basi hesabu matone 22. Kwa mrija wa kawaida wa matone 20 kwa ml ni matone 7, na tone moja likikosewa ni kosa kubwa. Usiutumie. Jaza bureti kwa saa moja tu kila mara, ili kidhibiti kikiteleza isiingie chupa nzima.

aPTT ya mgonjwa wa nimonia ya virusi hudanganya pia. Faktari VIII na fibrinojeni zikiwa juu, aPTT inabaki fupi hata dawa ikitosha, na mtu anashawishika kuongeza. Wenye maabara kubwa wapime anti-Xa (kipimo cha nguvu ya heparini kwenye damu), lengo 0.3 hadi 0.7.

Ukanda wetu kuna mengine matatu. Rifampisini (dawa ya TB) inashusha rivaroksabani na apiksabani (vidonge vya kuzuia kuganda) hadi takriban nusu, na warfarini inahitaji dozi kubwa zaidi na INR (kipimo cha kufuatilia warfarini) za mara kwa mara. Kwa mgonjwa wa TB enoksaparini ndiyo salama. Dolutegravir (dawa ya VVU) haina tatizo na dawa hizi, lakini mwenye dawa nyingine za VVU, lopinavir au atazanavir yenye ritonavir, asipewe rivaroksabani, itapanda mno. La tatu: heparini na enoksaparini hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Mgonjwa Mwislamu ana haki ya kuambiwa kabla. Wanazuoni wengi huruhusu kwa hoja ya dharura pasipokuwa na mbadala, na wengi wakielezwa kwa heshima hukubali. Kuificha ni kosa. Mbadala usiotokana na mnyama ni fondaparinuksi 2.5 mg kwa siku, mkiipata, na isitolewe kwa figo iliyo chini ya 30.

---

Sista_Zamu

Dokta, mwongozo utakuwa mzuri lakini dozi zitarukwa. Dozi isiyotolewa haionekani popote mpaka mguu uvimbe, kwa hiyo weka kwenye chati sehemu ya kuandika *sababu* ya kutotoa. "Mgonjwa anatembea" si sababu, kwenda msalani na kurudi si kutembea. "Hali kitu kabla ya kipimo" pia si sababu, hii si dawa ya kumeza.

Panga enoksaparini ya kinga saa 12 jioni. Ikiwa asubuhi saa 3 anatakiwa kuchukuliwa maji ya uti wa mgongo, zimepita saa 15, na kinachohitajika ni 12 baada ya dozi ya kinga (24 baada ya dozi ya tiba). Ukipanga asubuhi, kila kipimo kinakula dozi. Na anayesimamisha dawa kwa ajili ya kipimo aandike hapohapo saa ya kuirudisha. Bila hivyo zamu inayofuata itaona mstari tu.

Uchomaji: tumboni, pembeni, angalau sm 5 kutoka kitovuni. Finya ngozi, sindano isimame wima nyuzi 90, ingia yote, sukuma taratibu, achia ngozi baada ya kutoa sindano. Usisugue, kusugua ndiko kunakoleta michubuko inayowafanya wagonjwa wakatae kesho yake. Sirinji iliyojazwa kiwandani ikitolewa dozi nzima, usitoe kiputo cha hewa. Ukikitoa unapoteza dawa. Badili upande kila siku. Kwa mgonjwa anayelazwa kifudifudi, choma kabla ya kumgeuza na uangalie tumbo anaporudishwa chali.

Kwa kuwa wagonjwa wengi wa UVIKO-19 hupewa deksamethasoni (steroidi), uliza choo kila zamu. Choo cheusi, mkojo mwekundu, fizi, kichwa kuuma ghafla, presha kushuka na mapigo kupanda: simamisha, ita daktari. Sindano za msulini ziepukwe, hasa kwa aliye kwenye dozi ya tiba.

Chembe sahani zipimwe kabla ya kuanza, kisha kila baada ya siku 2 au 3 kuanzia siku ya 4 hadi ya 14 kwa heparini ya kawaida. Zikishuka kwa nusu kati ya siku ya 5 na ya 10, fikiria mwili unaikataa heparini. Hapo simamisha zote, hata ile ya kusafishia kanula, na msikimbilie warfarini wala kuongeza chembe sahani.

---

Tabibu_W4

Asanteni sana, hasa hilo la saa 12 jioni na la matone. Namba 4 bado. Na kuna wenzetu wanaongeza aspirini kwa kila mgonjwa wa UVIKO-19, iwemo?

---

Dharura_24

Namba 4. Kabla ya kutaja bonge, angalia vya karibu: silinda imeisha? mrija umejikunja chini ya godoro? makohozi yameziba? upande mmoja hauingizi hewa (hewa imevujia kifuani)? Hivyo ni vya dakika 2 na ndivyo vya kawaida zaidi.

Bonge linashukiwa pale hitaji la oksijeni linaporuka bila eksirei kubadilika, mapigo yanabaki juu ya 100 homa ikiwa imeshashuka, anazimia akikaa, au mguu mmoja umevimba. Pima ndama zote mbili kwa utepe, sm 10 chini ya kinundu cha mfupa wa goko. Tofauti inayozidi sm 3 ina maana.

D-dima hapa usiipime kabisa. Karibu kila mwenye nimonia kali atakuwa nayo juu, vilevile mwenye malaria, TB, saratani au mimba. Isitoshe maabara hutoa jibu kwa vizio viwili tofauti, FEU na DDU, na FEU ni takriban mara mbili ya DDU. Jibu la 500 kwenye FEU ni kama 250 kwenye DDU. Anayelinganisha karatasi za maabara mbili bila kusoma kizio ataona D-dima "imepanda maradufu" wakati hakuna kilichobadilika.

Tumia ulivyonavyo. ECG: mara nyingi ni mapigo ya haraka tu; mawimbi T yaliyopinduka V1 hadi V4 yanaonyesha upande wa kulia wa moyo umeelemewa. S1Q3T3 (mchoro wa ECG unaohusishwa na bonge mapafuni) ikikosekana haimaanishi kitu.

Ultrasaundi ya miguu kwa nukta mbili, probu ya mstari: kwanza kinenani, pale vena ya safena inapoingia kwenye vena kubwa ya paja, halafu nyuma ya goti. Bonyeza wima kila baada ya sm 1. Vena nzima inafunga mpaka kuta zigusane. Ikiwa ateri iliyo pembeni imeanza kubonyea na vena haijafunga, kuna bonge. Usisubiri kuliona kwa macho, bonge bichi huwa jeusi kama damu inayotembea. Ukilipata kwa mgonjwa mwenye dalili za mapafu, hiyo inatosha kutibu bonge la mapafuni bila CT. Ukilikosa hujalifuta, kwa sababu mabonge ya miguuni huonekana kwa 30% hadi 50% tu ya wenye bonge mapafuni. Rudia baada ya siku 5 hadi 7 kama shaka imebaki.

Kisha moyo. Ventrikali ya kulia iliyolingana na ya kushoto au kuizidi, kwa mgonjwa aliyeshuka ghafla, inaongeza uzito. Tahadhari moja kwa kwetu: makovu ya TB ya zamani na kuvuta moshi wa kuni miaka mingi huikuza ventrikali ya kulia pia. Pima ukuta wake. Ukizidi mm 5, tatizo huenda ni la siku nyingi.

Shaka ikiwa kubwa na hatari ya kuvuja damu ndogo, choma enoksaparini 1 mg kwa kilo sasa, vipimo vifuate. Kilo 60 ni sirinji moja ya 60 mg kila baada ya saa 12.

Namba ya juu ya presha (sistoli) ikiwa chini ya 90 kwa dakika 15 na zaidi bila sababu nyingine, hiyo ni dharura ya kuyeyusha bonge. Maji yasizidi ml 500, ventrikali ya kulia imejaa tayari na ukiijaza zaidi inaikandamiza ya kushoto. Noradrenalini ianze mapema, isipokuwepo, adrenalini. Streptokinasi yuniti milioni 1.5 kwa saa 2, na heparini isimame wakati inaingia. Presha ikishuka kwa sababu ya dawa yenyewe, punguza kasi kwanza. Wenye alteplasi: 10 mg mkupuo, kisha 90 mg kwa saa 2, chini ya kilo 65 jumla isizidi 1.5 mg kwa kilo. Asipewe aliyewahi kuvuja damu kichwani, mwenye kiharusi ndani ya miezi 6, upasuaji mkubwa au jeraha la kichwa ndani ya wiki 3, au anayevuja damu sasa. Kabla ya kuanza weka kanula mbili, chukua damu ya kundi, na kamilisha kila kitobo unachohitaji. Baada ya hapo hakuna kutoboa.

Protamini iwe kwenye kabati. 1 mg hufuta yuniti 100 za heparini iliyotolewa karibuni, au 1 mg ya enoksaparini ndani ya saa 8. Isizidi 50 mg kwa mara, taratibu kwa dakika 10. Enoksaparini haifutwi yote, ni takriban 60%.

---

Mkunga_Bingwa

Msiwasahau wajawazito, hawaonekani kwenye Padua. Akilazwa na nimonia ya virusi, enoksaparini ya kinga kwa uzito: chini ya kilo 50 ni 20 mg, 50 hadi 90 ni 40 mg, 91 hadi 130 ni 60 mg kwa siku. Haivuki kondo la nyuma na anayenyonyesha anaweza kuitumia. Uchungu ukianza asichome nyingine. Ganzi ya mgongo isubiri saa 12 baada ya dozi ya kinga na 24 baada ya dozi ya tiba, na huyo wa ganzi aambiwe saa kamili ya dozi ya mwisho. Kwa UVIKO-19 aendelee siku 10 baada ya kuruhusiwa. Wiki 6 baada ya kujifungua ndizo za hatari zaidi, kwa hiyo mzazi aliyelazwa wodi ya kawaida asichukuliwe kama mwanamke kijana mwenye afya. Rivaroksabani asipewe kabisa, wala anayenyonyesha.

---

Bingwa_Ndani

Aspirini isiwemo. Jaribio la RECOVERY, Uingereza, lilijaribu 150 mg kwa siku kwa wagonjwa karibu 15,000. Vifo siku ya 28 vilikuwa 17% kila upande, mabonge yalipungua kutoka 5.3% hadi 4.6%, na kuvuja damu sana kukapanda kutoka 1.0% hadi 1.6%. Aliyekuwa akiitumia kwa moyo kabla ya kulazwa aendelee nayo.

Namba 5: wengi waende nyumbani bila dawa ya kuzuia kuganda. Jaribio la MICHELLE la Brazil lilitumia rivaroksabani 10 mg kwa siku 35 kwa watu 320 waliochaguliwa kwa hatari kubwa. Matukio yalishuka kutoka 9% hadi 3%. Ni jaribio dogo. Ningewafikiria wachache: mwenye bonge la zamani, mwenye saratani hai, anayerudi nyumbani bado amelala kitandani, na figo zake ziko sawa. Aliyepata bonge akiwa wodini ni mwingine, huyo anatibiwa miezi 3 kamili. Rivaroksabani 15 mg mara mbili kwa siku 21, kisha 20 mg mara moja, pamoja na chakula. Bila chakula haifyonzwi vizuri. Au warfarini, ikianza pamoja na heparini, na heparini isiachwe kabla ya siku 5 na kabla INR haijakaa 2 hadi 3 kwa saa 24.

---

Tabibu_W4

Rasimu ya mistari ya juu, naomba mnikosoe:

"Nimonia ya virusi + oksijeni = kinga siku ya kulazwa. Enoksaparini 40mg SC saa 12 jioni. Figo 15–30: 20mg. Chini ya 15 au dawa imeisha: heparini 5000U SC kila saa 12. Kizuizi: andika sababu, rudia kukagua kila siku. Akienda CPAP/ICU: dozi ya kinga, usipandishe."

---

Mfamasia_Pwani

Yote sawa, rekebisha maandishi. "5000U" kwa mwandiko wa haraka inasomeka 50000. Andika "yuniti 5,000 (ml 1 ya kichupa cha 5,000 kwa ml)". Acha nafasi kati ya 40 na mg. "SC" andika "chini ya ngozi". Na "kila saa 12" kwa Kiswahili mtu anaweza kuelewa saa 12 ya asubuhi au jioni tu. Andika "saa 12 asubuhi na saa 12 jioni".